Mjomba Hakuwahi Kumwona Tembo

Chumbani kwetu hosteli tuko wanne na laptopu nzima ni moja. Kwa hiyo kinachoangaliwa ni kile anachotaka mwenye laptopu, na muhula huu anataka mafia tu. Tumemaliza Waitaliano wa New York, tukaenda kwa wauza unga wa Meksiko, sasa tuko kwa magenge ya Mumbai yaliyotafsiriwa na DJ. Kila sehemu ikiisha ubishi unaanza: wewe ungekuwa nani? Mmoja anataka kuwa don. Mwingine anataka kuwa mwanasheria wa don, maana anasoma sheria. Wa tatu anataka kuwa yule muuaji asiyeongea. Sijawahi kusikia mtu akisema angependa kuwa yule kijana anayetumwa kufuata gari, ambaye dakika ya kumi keshakamatwa na hata jina lake hatukulishika.

Huyo kijana mimi namfahamu. Ni mjomba wangu, mdogo wake mama, kitinda mimba wa bibi. Alihukumiwa mwaka 2016, miaka 20, kwa kukutwa na meno mawili ya tembo. Jamaa zangu wa chumbani walikuwa hawajui. Wakisoma hapa ndio watajua.

Kwetu ni Chiwanda, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, karibu na mpaka wa Msumbiji. Zamani tulikuwa Wilaya ya Mbinga, tangu 2012 ni Wilaya ya Nyasa. Ukisema Ruvuma watu wanafikiria mahindi ya Songea na kahawa ya Wamatengo kule milimani. Kwetu chini ni muhogo, usipa na maji. Ng'ambo ya mpaka tuna shangazi, tuna mashemeji, tuna watu tunaoenda kuwazika. Mpaka kwetu ni kitu unachokumbuka ukimwona askari, siku nyingine unasahau. Kwa hiyo mtu kuvuka na mzigo kichwani si habari. Sukari imevuka, vitenge vimevuka, mafuta ya taa yamevuka, hata majeneza yamevuka.

Mjomba alikuwa mvuvi, lakini hakuwa na nyavu zake. Alivua kwa mtumbwi wa mtu, wakigawana samaki baada ya mwenye nyavu kutoa fungu lake. Miezi ya mwera, upepo wa kusini, ziwa linachafuka na mitumbwi inalala mchangani wiki nzima, wakati mwingine mbili. Usipa hakuna, mbasa hakuna, pesa hakuna. Mwaka 2011, mwezi wa saba, katikati ya mwera, ndipo alipokuja yule mtu ambaye mjomba alimhifadhi kwenye simu kwa jina la Fundi Redio.

Siku ya kwanza yule bwana alikuja na begi la redio mbovu na vibetri vya sola, akakaa chini ya mwembe kama mtu anayetafuta wateja. Mjomba anasema hakumwona akitengeneza redio hata moja. Alichofanya ni kuuliza nani ni mgumu wa kutembea. Wakamwonyesha mjomba.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unapigiwa simu, unavuka upande wa pili, unatembea siku tatu, zaidi usiku, hadi mahali unapoelekezwa. Hapo unamkuta mtu ambaye hamsalimiani sana. Anakupa mzigo umeshafungwa kwenye viroba, unaubeba kurudi. Ukifika ziwani unaufukia mchangani na kusubiri simu nyingine. Ikija, mzigo unapakiwa chini ya magunia ya usipa mkavu, maana harufu ya usipa hakuna askari anayependa kuipekua, na pikipiki au gari la mizigo linaondoka nao kupanda Mbinga. Baada ya Mbinga, mjomba hajui. Kabla ya pale alipoupokea, hajui vilevile.

Nimeshamuuliza mara nyingi, tangu nilipoanza kuruhusiwa kwenda kumwona. "Mjomba, shikamoo. Hivi tembo mwenyewe uliwahi kumwona?" Akacheka. "Marahaba mwanangu. Tembo nimemwona kwenye noti ya elfu kumi."

Na kweli, noti ya elfu kumi ina tembo. Safari ya kwanza alilipwa tembo 15 wa karatasi, yaani shilingi 150,000. Kwa mvuvi asiye na nyavu, katikati ya mwera, hiyo si pesa ndogo. Na sitaki kumtetea kwa kusema hakujua alichobeba. Alijua. Kiroba kinaweza kuficha rangi, umbo hakifichi. Alijua ni kosa, na aliponiambia hivyo hakuinamisha kichwa. Asichojua ni kwamba alikuwa ndani ya kitu kikubwa kuliko yeye, Fundi Redio na yule wa kule porini wakiwekwa pamoja.

Niliposoma habari za miaka ile nikiwa maktaba, nilikaa kimya muda. Ikolojia ya Selous mwaka 2009 ilihesabiwa kuwa na tembo karibu 39,000. Mwaka 2013 walibaki kama 13,000. Mwaka 2015 mwanasayansi Samuel Wasser wa Marekani na wenzake walichapisha utafiti wa vinasaba vya pembe zilizokamatwa sehemu mbalimbali duniani, na kwa upande wa tembo wa savana sehemu kubwa ilitokea eneo moja: kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, Selous na Niassa. Yaani mitaa ya kwetu. Wakati mimi niko darasa la nne najifunza kugawanya kwa njia ndefu, mahali ambapo dunia nzima ilikuwa inachota pembe palikuwa nyuma ya milima yetu, na mmoja wa wachotaji alikuwa anakula ugali wa muhogo kwetu Jumapili.

Ugali huo nautaja kwa sababu. Kwenye filamu, mtu wa genge anaishi maisha ya genge: baa, magari, cheni. Mjomba hakuwa na maisha ya genge, alikuwa na maisha ya kusubiri. Alikuwa deiwaka. Simu ikilia, yupo kazini. Isipolia miezi miwili, ni mvuvi kama wengine, anakopa chumvi dukani. Mtandao pale nyumbani ulikuwa wa shida, kwa hiyo kila jioni alipanda kwenye jabali moja kukaa na simu mkononi, na wanawake wakamtania kwamba ana mchumba Songea. Fundi Redio alimwita "kijana", na mjomba alikuwa na miaka 34 na watoto wawili.

Safari ya pili hakulipwa taslimu. Alipewa nyavu. Zilikuwa nyavu nzuri, mpya, akafurahi, hadi alipoambiwa ni mkopo na utakatwa. Safari ya tatu akakatwa. Ya nne akaambiwa mzigo umepungua kilo moja kwenye mzani, akakatwa tena, na mzani wenyewe hakuuona. Kilo moja ya pembe inapunguaje njiani jamani? Haivuji, haikauki kama usipa. Lakini ungeenda kulalamika wapi? Hakuna chama cha wafanyakazi, hakuna afisa kazi, na huyo unayemdai ndiye mtu pekee unayemjua katika biashara nzima. Hii sehemu ndiyo inanikera kuliko zote, zaidi hata ya kifungo. Genge lilimfanyia mjomba vilevile alivyofanyiwa na mwenye mtumbwi, ila mwenye mtumbwi angalau alikuwa na jina.

Kwa jumla alibeba mara sita. Mkononi mwake, baada ya makato yote, anasema haikufika laki sita. Kati ya hizo alimnunulia mama mabati ya kuezekea, na mimi nikapata sare mpya na viatu vya darasa la tano. Nilivivaa. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilikuwa wa kwanza darasani kwetu kuwa na viatu vyenye kamba.

Tupige hesabu kidogo, maana wengine hapa mnasoma biashara. Mwaka 2014 kilo moja ya pembe ghafi ilifika kama dola 2,100 kwa bei ya jumla nchini China. Meno mawili ya kilo tisa tisa ni kilo 18, yaani dola 37,800. Mjomba kwa kuyabeba siku tatu mgongoni alitakiwa kupata laki moja na nusu, ambayo kwa wakati ule haikufika dola 100. Gawanya mwenyewe. Hiyo tofauti imekwenda kwa watu ambao hawakutembea hata hatua moja usiku.

Safari ya saba ndiyo alikamatwa, mwishoni mwa 2014, akiwa amekaa juu ya magunia ya usipa nyuma ya gari. Mara zile sita hakuwahi kuambiwa asindikize mzigo kupanda mlima. Siku hiyo Fundi Redio alimwambia apande, kuna mtu atampokea mbele. Dereva alishuka akasema anakwenda kujisaidia, hakurudi. Mjomba hana hakika kama aliuzwa, au ndivyo mambo yalivyotokea tu. Mimi nina maoni yangu lakini sina ushahidi, na nimejifunza kwamba tofauti ya hivyo viwili ina thamani ya miaka 20.

Akapelekwa kituoni, kisha mahakamani, kisha mahabusu. Kosa lilisomwa kama la uhujumu uchumi. Naomba msomaji uliangalie hilo neno taratibu. Mtu ambaye hakuwa na akaunti benki, ambaye mali yake yote ni nyavu alizokopeshwa, ameshtakiwa kwa kuhujumu uchumi wa Jamhuri ya Muungano. Sheria yenyewe ni ya mwaka 1984, na jina lake linataja makosa ya kupanga, ya magenge. Ndiyo kusema kwenye karatasi mjomba alikuwa mafia. Jamaa zangu wa chumbani mngefurahi.

Kila baada ya wiki mbili alipandishwa kizimbani, na kila mara upelelezi ulikuwa haujakamilika. Mama alikuwa anasafiri kwenda kusikia sentensi hiyo moja. Wakati huo lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay ilikuwa bado, mvua zikinyesha basi linalala njiani. Aliuza mbuzi, akauza cherehani, shemeji yake akauza mashine ya boti ili wamlipe wakili, na huyo wakili alitokea mara mbili. Mke wa mjomba alivumilia mwaka mmoja na nusu kisha akarudi kwao na mtoto mdogo. Simlaumu.

Kesi ilipoanza kusikilizwa kweli, mjomba aliulizwa nani alimtuma. Akasema, Fundi Redio. Jina lake halisi? Hajui. Anaishi wapi? Anadhani Songea. Namba ya simu? Hii hapa. Namba ilikuwa imesajiliwa kwa jina la bibi kizee mmoja ambaye hakuwa na habari. Mama anasema watu mahakamani walicheka. Hapo ndipo nilipoelewa, miaka mingi baadaye, kwamba kutojua kwa mjomba hakukuwa bahati mbaya wala ujinga wake. Kulipangwa. Mtu wa juu akikamatwa ana majina ya kutoa, ana pesa ya kurudisha, ana cha kuzungumzia. Mtu wa chini amewekwa pale akiwa mtupu makusudi, ili siku akikamatwa mnyororo ukatikie kwake.

Thamani ya tembo mmoja kwa hesabu za serikali ilikuwa dola 15,000. Meno mawili ni tembo mmoja. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inasema faini isiyopungua mara kumi ya thamani ya nyara, au kifungo cha miaka 20 hadi 30, au vyote viwili. Mara kumi ni dola 150,000, kwa shilingi ya 2016 zaidi ya milioni 300. Hakimu alisoma, mjomba akaangalia dari, akachukua miaka 20.

Sasa linganisheni. Mei 2013, upande wa pili wa ziwa letu, karibu na Mzuzu nchini Malawi, lilikamatwa lori lenye vipande 781 vya pembe, tani 2.6, vilivyotokea Tanzania, vimefichwa chini ya mifuko ya saruji. Waliotiwa hatiani ni ndugu wawili. Walitozwa faini ya kwacha. Pembe zenyewe zilichomwa moto Mzuzu Machi 2016. Na hapa kwetu, Februari 2019, Yang Fenglan, yule mama wa Kichina ambaye magazeti yalimwita Malkia wa Pembe za Ndovu, alihukumiwa Kisutu miaka 15 kwa kuongoza mtandao uliosafirisha vipande zaidi ya 800. Vipande 800, miaka 15. Vipande viwili, miaka 20. Najua, najua, vifungu tofauti, makosa tofauti, rafiki yangu wa sheria ameshanieleza hadi usiku wa manane. Nimemwelewa. Mama yangu bado hajamwelewa.

Mwaka huohuo wa 2019, mwezi wa tisa, Rais Magufuli alitoa nafasi kwa mahabusu wa kesi za uhujumu uchumi: kiri, rudisha pesa, utoke. Mkurugenzi wa Mashtaka akatangaza kwamba watuhumiwa 467 wameomba, wakiwa tayari kurudisha shilingi bilioni 107 na zaidi. Mama alisikia redioni, akanituma kwa mwalimu mkuu kuuliza kama mdogo wake amo. Hakuwamo, yeye alikuwa mfungwa tayari. Na hata angekuwa bado mahabusu, angerudisha nini? Mabati?

Mwaka jana nikiwa mazoezi ya kufundisha nilipangiwa Historia kidato cha pili, mada ya biashara ya masafa marefu. Mnaikumbuka wote: Wanyamwezi, Wakamba, Wayao. Wayao walitoa pembe Ziwa Nyasa wakazipeleka Kilwa. Niliwachorea ramani ubaoni, mshale kutoka ziwani hadi pwani, na kitabu kinausifu mshale ule kwa kukuza mahusiano na miji. Binti mmoja wa dawati la nyuma akauliza wapagazi walilipwa nini. Nikamwambia wengine nguo na shanga, na wengine walikuwa watumwa, walifika Kilwa wakauzwa wao pamoja na mzigo. Akaandika kwenye daftari. Kengele ikagonga, nikafuta ubao. Katika mitihani yote niliyowahi kufanya, swali la yule binti sijalikuta.

Nimeandika haya muhula huu, na sikuyaandika mwaka wa kwanza, kwa sababu ya mshikaji wangu mmoja. Sitamtaja, na si wa chumbani kwetu. Tangu bumu lichelewe amepata mchongo. Kuna mtu anampa elfu ishirini kwa kila laini ya simu anayosajili kwa kitambulisho chake cha NIDA na alama zake za vidole, kisha laini anaikabidhi. Ameshasajili nne. Sasa huyo mtu ameomba pia wanafunzi wenye akaunti benki, pesa iingie, ikae nusu saa, itoke, mwenye akaunti abaki na asilimia kidogo. Wote tunapokea zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Hamjawahi kujiuliza namba hiyo ni ya nani?

Nilimwambia abonyeze *106# aone laini zilizosajiliwa kwa jina lake. Zilitokea sita. Nne anazijua.

Nikamsimulia habari za Fundi Redio, kama nilivyozisimulia hapa, tukiwa tumekaa nje ya kantini na chai imepoa. Alisikiliza vizuri, si mtu wa dharau. Mwisho akasema, "Pole sana kwa mjomba, ila hiyo ilikuwa nyara za serikali kaka, hii ni laini tu." Nikamuuliza huyo anayempa elfu ishirini anaitwa nani. Akatoa simu, akatafuta, akanionyesha. Amemhifadhi "Boss Laini". Nikamuuliza jina lake sasa. Akasema atamuuliza.

Mjomba akipata punguzo la theluthi atatoka 2029, mimi nitakuwa na miaka 26 na pengine nafundisha mahali. Likizo hii nakwenda kumwona. Ameagiza sabuni za miche, kandambili namba tisa na miwani ya kusomea, kwa kuwa macho yameanza kumsumbua. Nimemwambia mshikaji twende wote, nauli juu yangu bumu likitoka. Amesema atafikiria. Ni wiki ya pili sasa, na jana nimemwona na simu mpya.